FEFO na kikombe cha chai: kwa nini damu haipandi

Mama mjamzito anachukua FEFO, vidonge vya chuma na asidi ya foliki vya kuongeza damu, kila anapohudhuria kliniki, anasema anameza kila siku, na wingi wa damu bado unasoma gramu 9 na pointi kwa desilita. Wahudumu wengi huamua hapo hapo kwamba vidonge vinaishia chooni. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kumtuhumu, mwulize anameza saa ngapi na anashushia na nini.

Jibu litakuwa: asubuhi, na chai. Majani ya chai yana tanini, na tanini hukamatana na chuma tumboni ikawa kitu ambacho utumbo hauwezi kukifyonza. Chai ya rangi, chai ya maziwa, kahawa, zote zimo. Maziwa nayo yanaleta kalsiamu, inayogombania nafasi na chuma. Kwa hiyo chai ipite angalau saa moja kabla ya kidonge au isubiri saa mbili baada yake. Kimezwe kwa maji, na ukipata chungwa au maji ya ndimu ni bora zaidi, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Vidonge vya kalsiamu na dawa za kiungulia vitenganishwe na FEFO kwa saa kadhaa. Hizi za kiungulia husahaulika kabisa, kwa sababu mama hanunui kama dawa. Ananunua kama peremende.

Jambo la pili ni namba kwenye boksi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma chenyewe kila siku, pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Na pale ambapo upungufu wa damu kwa wajawazito umefika asilimia 40, 60 ndiyo inayofaa zaidi. Chuma chenyewe si uzito wa chumvi yake. Kidonge cha feras salfeti kavu cha miligramu 200 kina chuma kama miligramu 65. Feras fumareti ya 200, vivyo hivyo. Feras glukoneti ya 300 ina 35 tu. Dawa za maji za "kuongeza damu" ndizo zinazodanganya zaidi: kuna zenye sura nzuri na vitamini nyingi, lakini chuma kwa kijiko ni kidogo. Soma lebo. Kidonge mchanganyiko cha MMS chenye virutubisho 15 kina chuma miligramu 30. Ni kinga nzuri, ila mwenye damu iliyokwisha kushuka anahitaji dozi ya tiba, ambayo kwa mwongozo huo ni miligramu 120 kwa siku hadi damu irudi kawaida.

Kawaida ni ipi? Ni 11 kwenda juu, ila katika miezi mitatu ya katikati kipimo kinashuka hadi 10.5, kwa sababu maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu. Chini ya 7 si suala la vidonge vya nyumbani. Hiyo ni hospitali, leo.

Kuna kosa la watu wenye bidii: kusahau siku mbili, kisha kumeza vitatu kwa mpigo. Dozi kubwa ya chuma huamsha homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa utumbo kwa takriban siku nzima. Tafiti zilizofanywa Zürich kwa wanawake wasio wajawazito wenye akiba ndogo ya chuma zilionyesha hata kugawa dozi asubuhi na jioni hakukuongeza kilichofyonzwa. Ukisahau, endelea na dozi yako ya kawaida. Hata hivyo usijibadilishie ratiba kuwa ya kumeza siku moja na kuruka inayofuata bila kuongea na mhudumu.

Kichefuchefu na choo kigumu ndivyo vinavyowakimbiza wengi. Meza usiku kabla ya kulala. Kama tumbo linakataa, kula kidogo kwanza, utapoteza kiasi cha ufyonzaji lakini ni afadhali kuliko kuacha. Choo cheusi kwa kawaida ni chuma kilichobaki, si damu.

Ukizingatia yote haya, damu inatarajiwa kupanda kama gramu 1 kwa desilita ndani ya wiki mbili hadi nne. Isipopanda, tafuta anayekula chuma hicho au anayevunja damu: minyoo ya safura, malaria, sikoseli. Na uliza, bila kumcheka, kama anakula udongo. Ule wa kuuzwa sokoni hukamata chuma tumboni, na hamu yake yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua.

Kuhusu asidi ya foliki: ile ya miligramu 5 isichanganywe na SP ya kukinga malaria, kwa sababu hupunguza nguvu yake. Dozi ndogo ya mikrogramu 400 kwa siku haina shida.

Biti siikatazi, lakini gramu 100 zina chuma kisichofika hata miligramu 1. Rangi nyekundu si chuma. Dagaa na nyama vina chuma kinachofyonzwa kirahisi zaidi. Maini yana chuma kingi, ila vitamini A yake ni kali kwa mimba changa, kwa hiyo yasiwe chakula cha kila siku.

Baada ya kujifungua endelea kwa wiki 6 hadi 12. Na kopo likae juu, mbali na watoto: vidonge vyekundu vyenye sukari nje hufanana na pipi, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.