Bonde la Imperial na Mexicali: yanayosemwa na yaliyotokea

Katika Bonde la Imperial, kusini-mashariki mwa California, Marekani inapopakana na Mexico, mashamba ya letusi, karoti na majani ya mifugo yametanda katikati ya jangwa. Mvua ya mwaka mzima huko ni kama milimita 75 tu. Ng'ambo ya mpaka kuna mji wa Mexicali na mashamba yake ya ngano na pamba. Pande zote mbili hutegemea mto mmoja, Colorado. Historia ya bonde hili imezoeleka kusimuliwa kwa upande mmoja, na wanaosahaulika katika masimulizi hayo ni walewale waliopunjwa ardhi na maji.

Dhana: Lilikuwa jangwa tupu mpaka walowezi walipofika mwaka 1901.

Wacocopah na Waquechan, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walilima kando ya Colorado muda mrefu kabla ya hapo. Walisubiri mafuriko yapungue, kisha wakapanda mahindi, maharage na maboga kwenye udongo wenye unyevu ulioachwa na mto. Ndani zaidi, kila mara mto ulipohama njia, ziwa kubwa la kale la Cahuilla lilijaa, kisha likakauka. Mitego ya samaki ambayo wenyeji waliijenga kwa mawe ingali inaonekana kwenye miteremko ambayo leo haina hata tone la maji.

Dhana: Wamarekani walichimba mfereji wao, Mexico ikaja baadaye kuomba mgao.

Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kampuni ya California Development Company, ya Charles Rockwood, ilizuiwa na vilima vya mchanga vya Algodones upande wa Marekani. Mhandisi George Chaffey akayapitisha maji ndani ya Mexico, katika mkondo mkavu wa kale uitwao Alamo, kisha yakarudi California. Mexico ilikubali kwa sharti kwamba mashamba ya upande wake yaweze kuchukua hadi nusu ya maji hayo. Kwa takriban miaka 40 mashamba ya Imperial yalinyweshwa kupitia nchi jirani. Mfereji wa All-American, ulioidhinishwa mwaka 1928 pamoja na bwawa la Hoover, ulijengwa ili kuikwepa Mexico.

Mkataba wa nchi hizo mbili wa 1944 uliipa Mexico mita za ujazo bilioni 1.85 kwa mwaka, lakini haukutaja wazi ubora wa maji hayo. Mwaka 1961 maji ya chumvi kutoka mashamba ya Arizona yalianza kumwagwa mtoni, na mazao ya Mexicali yakaharibika. Ilichukua hadi 1973 kupata makubaliano ya kurekebisha hali hiyo. Miaka 12 ni mingi mno kwa mkulima anayetazama shamba lake likigeuka jeupe kwa chumvi.

Dhana: Bahari ya Salton ni ziwa la asili.

Ziwa hilo lilizaliwa na uamuzi wa watu. Mwaka 1904 tope liliziba banio, yaani mahali maji ya mto yanapoingilia mfereji, na wakulima walikuwa wakidai maji. Kampuni ya Rockwood ikachimba mlango mpya kwenye ukingo wa mto, upande wa Mexico, bila kujenga lango la kudhibiti maji. Mafuriko ya 1905 yakaupanua mlango huo hadi mto mzima ukaacha njia yake ya kwenda baharini na kumiminika katika bonde la Salton, ambalo sehemu yake ya chini kabisa iko zaidi ya mita 80 chini ya usawa wa bahari. Sehemu ya Mexicali ilisombwa. Shirika la reli la Southern Pacific, ambalo reli zake zilikuwa zikifunikwa na maji, lilimwaga mawe kwa mabehewa. Ufa ukazibwa, ukapasuka tena, ukazibwa kabisa Februari 1907.

Tangu hapo ziwa limelishwa hasa na maji yanayotoka mashambani, yenye chumvi na mabaki ya mbolea. Mwaka 2003 yalifikiwa makubaliano ya kuuza sehemu ya maji ya bonde kwa miji kama San Diego. Sasa ziwa linasinyaa, na vumbi la kitako chake linawatesa wakazi wenye pumu.

Dhana: Mlowezi na familia yake ndio walioligeuza jangwa kuwa shamba.

Kazi ilifanywa na Wamexico, Wapunjabi (watu wa Punjab, India), Wajapani, Wafilipino na wengine wengi. Sheria ya California ya 1913 iliwanyima Waasia wasioruhusiwa uraia haki ya kumiliki ardhi waliyoilima. Wapunjabi wengi walioa wanawake wa Kimexico na kuanzisha familia katika bonde hilo. Wajapani walihamishwa kwa nguvu mwaka 1942 na kufungiwa kambini. Wachumaji wa matikiti, wengi wao Wamexico, waligoma mwaka 1928 kudai ujira bora.

Upande wa Mexico, karibu ardhi yote nzuri ilikuwa mali ya kampuni ya Kimarekani, Colorado River Land Company, ya kina Harry Chandler, mchapishaji wa gazeti la Los Angeles Times. Wachina wengi walifyeka na kulima pamba huko. Januari 27, 1937, wakulima wasio na ardhi waliyavamia mashamba hayo, na Rais Lázaro Cárdenas akaamuru yagawiwe kwa vijiji.

Dhana: Maji yanayofika baharini yamepotea bure.

Delta ya Colorado ilikuwa na misitu, samaki na Wacocopah walioishi kwa hayo. Mabwawa yaliikausha. Mwaka 2014 nchi hizo mbili zilifungulia maji kwa wiki kadhaa kutoka bwawa la Morelos, na mwezi Mei mto ukaigusa bahari. Makubaliano yaliyofuata, ya 2017, yaliwekewa ukomo wa 2026. Wacocopah wana ndugu pande zote za mpaka, na nafasi yao ni mezani pale mgao mpya unapojadiliwa.