Somo la bundi kwa mtoto mdogo: anzia sikioni

Mtoto wa miaka mitano au sita hapa Nairobi huwa ameshafundishwa bundi kabla hujafungua kitabu. Amesikia kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto wadogo viumbe na mazingira, na jambo la kwanza ninalomwambia mzazi anayesomesha nyumbani ni kwamba hofu hiyo asiiruke, wala asimcheke aliyeileta. Mtume mtoto akamuulize shosho: ulimsikia wapi, saa ngapi, alilia vipi? Hapo somo limeanza, maana bundi wengi tutawasikia kabla ya kuwaona.

Yule mwenye uso mweupe, anayelala darini, kwenye minara ya makanisa na maghalani, hupiga ukelele mkali wa kukwaruza. Anakaa karibu na watu kwa sababu panya wako karibu na watu. Mtoto akishajua hivyo, ukelele ule unakuwa na sababu.

Sasa mfunge macho kwa leso. Zunguka chumbani ukitikisa kiberiti chenye punje za mchele, naye akuoneshe kwa kidole ulipo. Kisha azibe sikio moja, mrudie. Atakosea zaidi, na hapo ndipo pa kumweleza: bundi huyu ana tundu moja la sikio lililo juu kuliko lingine, hivyo sauti ya panya humwonyesha kulia na kushoto, na pia juu na chini. Anaweza kumnasa panya kwenye giza totoro. Mchezo huu upeni siku nzima.

Shingo haihitaji muda mrefu. Macho ya bundi yameshikwa imara ndani ya fuvu, kwa hiyo hugeuza kichwa chote, hadi nyuzi 270. Ana mifupa 14 ya shingo. Sisi tuna 7, na twiga wa Lang'ata pia ana 7. Watoto hawalisahau hilo la twiga.

Kwangu mimi, kiini cha somo ni vidonge vya matapishi. Bundi humeza panya mzima, halafu hutapika manyoya na mifupa vikiwa vimeshikana. Tafuteni chini ya mnara au mti anapolala mchana, pale penye madoa meupe ya kinyesi. Vaa glavu, kifunge kidonge kwa foili na ukioke kwenye oveni kwa nyuzi 160 kwa dakika 40 ili kuua vijidudu. Kikipoa, mpe mtoto kibanio na karatasi nyeupe. Akipata fuvu lenye meno marefu ya mbele yenye rangi ya chungwa, amempata panya. Mwache apange mifupa mwenyewe hata akikosea mguu na mbavu. Mikono ioshwe kwa sabuni.

Hapo ndipo mtoto atauliza kuhusu sumu ya panya. Mjibu wazi: panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, bundi naye anaweza kufa. Kama nyumbani mnaitumia, jadilianeni kuhusu mitego.

Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, kwa hiyo mtoto anaweza kusikiliza bundi na bado alale mapema. Mkae barazani, taa zimezimwa. Wanaoishi karibu na msitu kama Karura wana bahati ya kumsikia bundi wa msituni, dume na jike wakiitikiana, jike kwa sauti ya juu zaidi. Mchana nendeni Makumbusho ya Taifa, kwenye ukumbi wa ndege waliokaushwa, mtoto achore kucha na mdomo kwa utulivu ambao ndege hai hampi mtu.

Msicheze sauti ya bundi kwenye simu ili kumwita. Atadhani mgeni ameingia eneo lake, na akiwa na makinda ataacha kuwatafutia chakula aje kupambana na simu yenu.