Je, serikali ibane matumizi kama kaya wakati uchumi unapodorora?

Vijiweni Tabora, kama kwingineko nchini, husemwa tangu zamani kwamba uchumi ukidorora serikali nayo ibane matumizi, kama afanyavyo baba aliyepunguziwa mshahara. Rai hiyo inaonekana ya busara, lakini si sahihi. Mshahara wa kaya haupungui kwa sababu kaya imeacha kununua sukari. Serikali inaposimamisha ujenzi wa barabara, vibarua hukosa ujira, mama lishe hukosa wateja, na kodi inayokusanywa hupungua, hivyo akiba iliyokusudiwa hupungua nayo.

Marekani iliyaona hayo mwaka 1937, pale serikali ya Rais Roosevelt ilipopunguza matumizi kabla uchumi haujapona, huku benki kuu nayo ikibana mzunguko wa fedha, na ukosefu wa ajira ukapanda upya.

Hata hivyo, wanaopinga serikali kuongeza matumizi wakati wa mdororo wana hoja. Mwaka 2009 hakuna mbunge hata mmoja wa chama cha Republican katika Baraza la Wawakilishi la Marekani aliyeunga mkono mpango wa Rais Obama wa kuchochea uchumi kwa dola bilioni 787, wakihofia deni na ubadhirifu, na hofu hiyo ni nzito zaidi kwa nchi inayokopa kwa fedha za kigeni. Juni 2009, Rais Kikwete alitangaza mpango wa Tanzania wa kunusuru uchumi, uliojumuisha fidia kwa wanunuzi wa pamba, zao linalotegemewa pia Igunga. Mjadala wa haki, kwa maoni yangu, ni nani alipwe, kwa muda gani, na deni lianze kupunguzwa lini.