Sahihi si wingi wa tarakimu

Juzi nimemsikia tena mtu akikisifia kipimajoto chake kuwa "ni sahihi sana, kinatoa tarakimu tatu baada ya nukta", na kwa kuwa hiyo si mara ya kwanza wala ya kumi, nimeona afadhali niliandike hili. Sahihi ni kisicho na kosa, kinacholingana na ukweli au na kanuni inayohusika. Kamusi yoyote itakupa maneno yanayokaribiana na hayo, kwa hiyo sitakawia hapo. Utamu uko kwenye asili ya neno lenyewe.

Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, ambako sahih husemwa kwa mtu mwenye afya, mzima, asiye na maradhi. Mzizi huo huo ndio uliotupa siha, hata anayetakiwa siha njema na anayesahihishiwa insha wanahudumiwa na maneno ya ukoo mmoja. Wanasarufi wa Kiarabu waliuendeleza mfano huo wa mwili: kitenzi ambacho mzizi wake hauna herufi “waw” wala “ya” (w na y za Kiarabu) walikiita kizima, na chenye herufi hizo, ambazo hugeuka na kudondoka hovyo, wakakiita kigonjwa. Wanazuoni wa hadithi, yaani mapokezi ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, nao walisema hadithi ni sahihi iwapo mnyororo wa wapokezi wake haukukatika, wapokezi wenyewe ni waadilifu na wenye kuhifadhi vyema, na haipingani na mapokezi yenye nguvu zaidi wala haina ila, yaani kasoro, iliyojificha. Isiyofikia masharti hayo, wala ya daraja la chini yake liitwalo hasan, waliiita dhaifu. Maneno “ila” na “dhaifu”, kama sahihi, yameingia katika Kiswahili yakiwa bado na harufu ya ugonjwa. Hata sahihi ile inayotiwa chini ya waraka (wengi siku hizi husema saini, nami siwalaumu) inafuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa anayeitia anakiri kwamba waraka ni mzima na anaukubali.

Katika safari yote hiyo, hakuna mahali neno hili lilipohusu wingi wa tarakimu. Kinachochanganywa nalo ni kamili, ambalo pia ni la Kiarabu, lakini lenyewe huhusu kutopungukiwa. Tukisema saa mbili kamili, tunamaanisha hakuna dakika iliyozidi wala kupungua. Sasa itazame saa ya ukutani inayochelewa dakika kumi: mshale mrefu ukisimama juu kabisa na mfupi kwenye nane, saa hiyo inakuambia ni saa mbili kamili, nayo haiko sahihi hata kidogo. Anayekujibu kwamba ni saa mbili na dakika kadhaa amekuambia jambo sahihi, ingawa hakulikamilisha.

Hesabu zinaonyesha jambo hilo hilo bila huruma. Wengi tulifundishwa kutumia 22/7 badala ya pai, na ukiigawa utapata 3.142857, namba yenye tarakimu za kutosha kumridhisha mtu yeyote. Lakini pai huanza 3.141592, kwa hiyo kuanzia nafasi ya tatu ya desimali unaandika kosa kwa mwandiko mzuri. Aliyesema 3.14 akanyamaza hakukosea katika alichokisema.

Basi kipimajoto kile kiitwe chenye kusoma kinaganaga, au chenye vipimo vidogo vidogo, na sifa hiyo si haba. Neno sahihi lisubiri mpaka kitumbukizwe katika maji safi yanayochemka usawa wa bahari, ambako kinatakiwa kisome karibu na nyuzi 100. Kikisoma 97.364, tena kila kinapotumbukizwa, tarakimu zake zote tatu zipo, ila nayo ipo.