Sio kiburi na wala hajarogwa: maneno ninayoyasikia kuhusu watoto wenye usonji chekechea

Nafundisha awali, na kila Januari lazima nisikie mtu akisema "huyu mtoto ana kiburi, anaitwa haitiki". Jamani, mtoto mwenye usonji (autism) anaweza asikuangalie usoni kabisa na bado akawa amekusikia vizuri tu. Ila masikio yapimwe kwanza, watu wengi wanaruka hapo, maana asiyesikia naye anaonekana hivyo hivyo.

"Kengele ikilia anaziba masikio na kupiga kelele, anadeka huyo, mchape." Kwa baadhi yao ile kengele inauma kweli, na fimbo haipunguzi sauti. Mimi wangu namtoa nje kabla haijagongwa. Halafu nikachora ratiba kwenye maboksi kwa makapeni, uji, michezo, chooni, nyumbani, nikaibandika ukutani, kwa sababu kilichokuwa kinamliza ni kutokujua kinachofuata, akishaona picha ya uji anajua michezo inakuja na tunaendelea na siku yetu. Hela niliyotumia ni ya gundi.

Mzazi mmoja akagoma, eti ukimzoesha picha hataongea tena. Tafiti hazionyeshi hivyo, picha hazizuii maneno, na kuna watoto wanaongeza maneno wakizitumia. Hata ile ya "mmemchanganya, bibi anamsemesha Kinyakyusa na nyie Kiswahili" haina ukweli, lugha mbili hazileti usonji, mwacheni bibi aongee na mjukuu wake.

Chanjo ndo usiseme, eti inaleta usonji. Hii ilivuma kutoka kwenye makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, mwaka 1998, watoto aliowachunguza wenyewe 12 tu! Mwaka 2010 jarida likaifuta makala na yeye akafutwa kwenye rejista ya madaktari. Mwaka 2019 Denmark wakatoa majibu ya watoto zaidi ya 650,000, chanjo ya surua haikuongeza usonji. Surua yenyewe inaua lakini.

Na yule asiyetulia, anayezunguka darasa zima? Mpe kazi ya kugawa vikombe, kukaa saa nzima hawezi.

Inayonikera zaidi ni "atakua tu, hata baba yake alichelewa kuongea". Sawa, wapo wanaochelewa na wakaongea, lakini mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha hata maneno mawili kama "mama maji" apelekwe kliniki sasa hivi, msinisubiri mimi nimgundue akiwa na mitano.