Pesa iliyoota mtini

Mwaka 1545, huko Tlaxcala katika Meksiko ya leo, iliandikwa orodha ya bei za sokoni kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Bata mzinga jike: punje 100 za kakao zilizojaa, au 120 zilizosinyaa. Dume: punje 200. Sungura mdogo: 30. Parachichi lililochumwa karibuni: 3, ila likishaiva ni punje 1 tu. Nyanya kubwa nayo punje 1.

Wengi wakiisoma orodha hii hushangaa bei ya bata mzinga. Mimi kazi yangu ni kupima ubora wa kakao, na kinachonishika ni zile punje 20 za ziada. Mzigo ukifika tunachota sampuli, tunahesabu punje 300, tunazipasua moja moja kwa urefu. Iliyovundikwa vizuri, yaani iliyorundikwa na kufunikwa mpaka ikachachuka, ni ya kahawia na ina mipasuko ndani. Ya zambarau haikuvundikwa vya kutosha, na yenye kijivu haikuvundikwa kabisa. Halafu ziko bapa, ganda tupu karibu, hata kisu hakipati cha kupasua. Ndizo zilizosinyaa za Tlaxcala. Muuza bata mzinga alizitambua kwa vidole, palepale sokoni, na bei yake alikuwa nayo tayari.

Wakulima huniuliza swali moja la haki kabisa: kama pesa iliota mtini, kwa nini kila mtu hakupanda akatajirika?

Kwanza ni mti wenyewe. Mkakao unataka joto, mvua na kivuli. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, palipo Mexico City leo, ulikuwa zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huko mkakao hauiwezi. Aliyewahi kupanda barabara ya kutoka Kyela kwenda Tukuyu analijua jambo hili: chini mikakao imejaa mashambani, ukifika juu ni chai. Na hata penye hali nzuri, mche hukaa miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa, maua mengi huanguka bila kuwa tunda, na yanayobaki hugombaniwa na kuvu, panya na kindi.

Basi watawala walikuwa na pesa wasiyoweza kuilima kwao. Iliwabidi kuifuata mbali, hasa Soconusco, pwani ya Pasifiki katika Chiapas ya leo, nchi waliyoiteka na kuitoza kodi. Codex Mendoza, hati ya michoro ya karne ya 16, inaonyesha Soconusco ikidaiwa mizigo 200 ya kakao. Watu hawa walihesabu kwa ishirini: ishirini mara ishirini ni 400, mara ishirini tena ni 8,000, na mafungu matatu ya 8,000 ndiyo mzigo mmoja, yaani punje 24,000. Punje kavu ina uzito wa karibu gramu moja. Piga hesabu, unapata kama kilo 24, kiasi cha mpagazi kubeba mgongoni safari ndefu, maana hawakuwa na punda wala farasi. Hesabu hii naipenda sana.

Pili, wenye nazo waliinywa. Kakao ilikaangwa, ikasagwa juu ya jiwe, ikachanganywa na maji na pilipili, pengine na mahindi au vanila, kisha ikamiminwa kutoka chombo cha juu hadi cha chini mpaka ikatoa povu. Sukari ilikuja baadaye, na Wahispania. Kila kikombe kilichonyweka kwa mfalme kilipunguza pesa iliyokuwa mikononi mwa watu, na iliyofichwa ghalani iliingia ukungu na wadudu. Pietro Martire d'Anghiera, mwandishi wa Kiitaliano katika utumishi wa Hispania, aliisifu kwa sababu hiyohiyo: pesa isiyofukika ardhini haimlei bahili.

Unywaji wenyewe ni wa kale mno. Huko Santa Ana-La Florida, kusini mashariki mwa Ekuador, mabaki ya kakao yamekutwa kwenye vyombo vya miaka 5,300 hivi iliyopita, zamani sana kabla ya Waazteki.

Penye pesa pana ughushi. Padri Bernardino de Sahagún, aliyekusanya habari kwa wazee wa Kinahua, wasemaji wa Kinahuatl, anaeleza muuzaji mwovu wa kakao: anatoa kiini, anajaza ganda kwa donge la mbegu za mchicha, nta au vipande vya kokwa la parachichi, kisha anazichanganya na punje nzuri. Nikilisoma hilo naona wazi kwa nini kisu kinahitajika.

Wahispania walijaribu kuleta sarafu za shaba miaka ya 1540. Wenyeji walizikataa, wengine wakazitupa ziwani. Sarafu ndogo ya fedha, nusu riali, ilikuwa kubwa mno kwa mtu anayetaka nyanya mbili. Alexander von Humboldt, mwanasayansi na msafiri wa Kijerumani, alipofika Meksiko mwaka 1803, bado watu wa kawaida walikuwa wakilipana chenji kwa punje za kakao.