Mjukuu kuijua njia si kuijua barabara

Mabibi na mababu wengi huamini kwamba mjukuu akishaijua njia ya shule, basi anaweza kwenda mwenyewe. Kuijua njia ni jambo jepesi. Kigumu ni kukadiria mwendo wa gari linalokuja, na watoto wengi walio chini ya miaka 9 au 10 hawajaliweza hilo, hata wawe werevu vipi.

Mwachie kidogo kidogo. Wiki ya kwanza yeye ndiye akuongoze, aseme kwa sauti anapotazama: kulia, kushoto, kulia tena, maana kwetu magari hupita kushoto. Usiharakishe kumsahihisha, ila mkono wako uwe karibu na begi lake. Kisha mfuate hatua 20 nyuma. Baadaye ishia kivukoni.

Hatari kubwa ni daladala iliyosimama. Mtoto hukatiza mbele yake akidhani pamekaa wazi, kumbe bodaboda inaipita daladala upande asiouona. Asubiri iondoke kwanza.

Na akikuambia, "Bibi, rudi tu, nitafika," hajakuchoka. Mwitikie, kisha simama hapohapo mpaka avuke.